Dondoo za Wapinzani Katika Poka ya Mtandaoni: Nani wa Kumwandika, Uandike Nini, na Lini Usijisumbue

Kuandika dondoo kuhusu wapinzani kuna faida, ila si kwenye kila meza wala kwa kila anayeketi mbele yako. Wengi huanza kwa bidii kubwa. Wanajaza kisanduku cha dondoo maneno kama "mjinga huyu", "ana bahati ya ajabu", "kanitoa na 9-4". Miezi miwili baadaye wanakutana na jina lile lile, wanafungua kisanduku, na hawaoni humo kitu cha kuwasaidia kuamua.

Kipimo ninachotumia ni kimoja: dondoo ikufanye ucheze na mtu huyo tofauti na ambavyo ungecheza na mgeni usiyemjua kabisa. Isipofanya hivyo, haina kazi, hata kama ni ya kweli.

Mifano yote hapa ni ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Nikisema mgao, nina maana ya mzunguko mmoja tangu karata zinapogawiwa hadi fedha zinapochukuliwa. Poti ni fedha zilizokusanyika katikati ya meza. Flopu ni karata tatu za kwanza za pamoja, kisha hufuata ya nne na ya tano. Jozi ya juu ni ile unayoifanya na karata kubwa kuliko zote za pamoja; jozi ya pili ni ya karata inayofuata kwa ukubwa. Kutishia nyau, kama mtaani, ni kuweka dau ukiwa huna kitu ili mwenzako aogope na kutupa karata zake.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama bado hujui ni karata zipi za kuingia nazo ukiwa wa kwanza kusema, au hujui kupiga hesabu ya dau ukilinganisha na poti, acha dondoo kwanza. Tovuti hukata kamisheni yake katika meza za fedha bila kujali umeandika nini, na hakuna dondoo inayoziba pengo la msingi.

Hatua ya kwanza: chunguza kama meza yako inastahili

Dondoo ni akiba ya baadaye. Akiba hiyo haina maana kama hutakutana tena na mtu huyo, au mkikutana hutamtambua.

Kuna tovuti zenye meza zisizo na majina. Bovada na Ignition ndizo zinazojulikana zaidi kwa hilo: unaona namba za viti tu, na ukihama meza uhusiano wote umekatika. Hapo unachoweza kufanya ni kukumbuka kilichotokea katika kikao hicho hicho, basi. Unibet iliwahi kuwaruhusu wachezaji kubadilisha majina yao ya mezani, na penye ruhusa kama hiyo daftari lako linaweza kubaki na mtu ambaye hayupo tena kwa jina hilo. Mwaka 2019 partypoker iliondoa programu za takwimu za nje, zile zinazohesabu uchezaji wa wapinzani, na ikawataka wachezaji wake wabadilishe majina; waliokuwa wamekusanya habari za miaka walianza upya.

Meza za kasi, zile ambazo ukitupa karata tu unahamishiwa meza nyingine yenye watu wengine (PokerStars wanaziita Zoom), ziko katikati. Unakutana na mtu kwa mgao mmoja mmoja, na muda wa kumtazama akicheza na wengine haupo. Lakini pale wachezaji wanapokuwa wachache, hasa kwenye viwango vya juu vya dau au saa za usiku, majina yale yale hurudi tena na tena, na dondoo zinalipa vizuri.

Mashindano makubwa yenye maelfu ya watu ni kinyume chake. Andika kidogo, kwa ajili ya leo tu. Penye faida kubwa kabisa ni meza za kawaida za fedha za watu sita au tisa, kwenye kiwango kimoja unachokicheza kila mara, na wapinzani wanaoonekana kwa majina ya kudumu.

Hatua ya pili: anza na rangi, maneno baadaye

Programu nyingi za poka hukuruhusu kumwekea mchezaji alama ya rangi pembeni ya jina lake. Tumia rangi kabla ya maneno, kwa sababu rangi unaiona kwa jicho moja hata ukiwa na meza nne zimefunguliwa, wakati maneno lazima uyafungue na kuyasoma huku saa ya kuamua ikikimbia.

Rangi nne zinatosha. Moja ni ya anayeingia migao mingi lakini haongezi dau, anafuata tu, yaani analipa dau la mwenzake. Ya pili ni ya anayeingia mingi na kuongeza ovyo. Ya tatu ni ya anayengoja karata nzito na kukaa kimya kwa muda mrefu. Ya nne ni ya mzoefu anayejua anachofanya. Nimeona watu wenye rangi kumi na mbili na orodha ya maelezo ya rangi hizo iliyobandikwa ukutani. Hao wamepata kazi ya pili.

Rangi huipati katika migao mitano, na hapa hesabu kidogo itakusaidia. Chukua mchezaji anayeingia robo ya migao yake, yaani asilimia 25, jambo la kawaida kabisa kwenye meza ya watu sita. Katika migao 20 unatarajia aingie mara 5. Lakini bahati ya karata peke yake itamfanya aingie mara 8 au zaidi takriban mara moja kati ya kumi. Ukimwona wakati huo utaapa kwamba huyu anacheza kila takataka. Hata ukifikisha migao 100, mchezaji huyo huyo anaweza kuonekana popote kati ya asilimia 17 na 33. Kwenye 1,000 picha inakaribia ukweli: kati ya 22 na 28 hivi.

Kwa hiyo weka rangi mapema pale tu tabia inapokuwa imevuka mipaka waziwazi. Anayeingia migao 15 kati ya 20 hahitaji kusubiriwa. Wengine wote waache bila rangi mpaka utakapokuwa umeketi nao kwa muda wa kutosha.

Hatua ya tatu: andika ulichokiona, kisha utakachokifanya

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Dondoo nzuri ina vipande viwili. Cha kwanza ni tukio: alikuwa nafasi gani, alifanya nini, ubao (karata za pamoja) ulikuwaje, na karata gani zilifunuliwa. Cha pili ni agizo kwako mwenyewe. "Anapenda kufuata" ni hukumu, na hukumu huwezi kuikagua baadaye. "Alifuata dau la poti nzima kwenye karata ya tano akiwa na jozi ya pili; usimtishie nyau, weka dau kubwa ukiwa na jozi ya juu" ni kitu unachoweza kukitumia, na hata kukipinga ukiona ushahidi mwingine.

Mambo gani yanastahili nafasi? Mimi hutazama kwanza ukubwa wa madau, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojisaliti bila kujua. Yupo anayeweka theluthi moja ya poti akiwa na jozi dhaifu anayotaka ifike mwisho kwa bei nafuu, na anaweka robo tatu au zaidi pindi tu anapopata jozi mbili. Ukiona mfano huo ukijirudia na karata zikafunuliwa, umepata dondoo ya thamani kuliko nyingine yoyote, maana atakwambia karata zake kila mgao, kwa kidole chake mwenyewe. Andika ukubwa kama sehemu ya poti, si kiasi cha fedha: dau la 12 halina maana yoyote bila kujua poti ilikuwa ngapi.

Kinachofuata ni karata alizotishia nyau nazo. Karibu kila mtu hutishia akiwa alikuwa anangojea karata tano za aina moja zikakosekana. Hilo si habari. Habari ni anayechukua jozi ambayo mara nyingi ingeshinda yenyewe na kuigeuza kuwa tishio kwenye karata ya tano, au anayepiga madau matatu mfululizo bila jozi wala matumaini. Mtu wa namna hiyo hutamtupia karata nzuri kirahisi tena.

Kisha kuna wanaoingia kwa kulipa blaindi tu (dau la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa) bila kuongeza. Wengi wao wana karata hafifu. Ila ukimwona mmoja amelipa blaindi tu akiwa wa kwanza kusema, mwingine akaongeza, naye akaongeza tena juu yake, halafu akafunua jozi ya K, mwandike mara moja. Siku nyingine atakapoingia kimyakimya kutoka nafasi ile utajua usiongeze kwa A-J.

Kasi ya kuamua nayo ina lake, ingawa mimi huiamini kwa shingo upande. Anayepisha, yaani anayeacha zamu ipite bila kuweka dau, papo hapo, kabla hata hujavuta pumzi, mara nyingi hana kitu. Lakini anayechelewa huenda anacheza meza nane, au intaneti yake imekwama, au anaongea na mtu mlangoni. Andika kasi pale tu unapoiona mara kadhaa ikiambatana na karata zilizofunuliwa.

Hali ya hasira ni dondoo ya muda mfupi. Mtu aliyepoteza poti kubwa na sasa anaongeza kila mgao anastahili mstari mmoja wenye tarehe. Wiki ijayo atakuwa ametulia, na dondoo isiyo na tarehe itakudanganya.

Usiandike mchezo wa kawaida. Kwamba aliongeza dau akiwa na jozi ya A hakuna asiyefanya. Usiandike matokeo. Kwamba alishinda chipu zako zote (vidonge vya kuwekea dau) hakusemi lolote kuhusu anavyocheza. Kinachosema ni karata alizokuwa nazo wakati fedha zinaingia.

Hatua ya nne: jitengenezee ufupisho

Una sekunde chache kati ya mgao na mgao. Tunga alama zako na uzishike hizo hizo. Mfano wa mfumo unaotosha:

p ni kupisha, d ni dau, f ni kufuata, o ni kuongeza, t ni kutupa. Baada ya d unaweka sehemu ya poti: d½ au d1. Nafasi: M kwa mgawaji, BN na BK kwa blaindi ndogo na kubwa, W kwa wa kwanza kusema. Karata kwa herufi za kawaida, A K Q J T 9 (T ni kumi), na nyota ukiwa unataka kuonyesha kwamba ni za aina moja. Mshale unatangulia agizo.

Basi mgao mzima unaingia katika mistari miwili:

"03/24, 100b. BK f dhidi ya M. K-8-3 p-f d½. Ya 4 p-f d½. Ya 5 p-f d1 na 8-7. → usitishie, dau kubwa na K."

"03/24" ni mwezi na mwaka, na "p-f" ni kupisha kisha kufuata. Ile "100b" ni wingi wa chipu mezani, hapa blaindi kubwa mia moja. Usiisahau. Mtu anayeingiza chipu zote akiwa na A-8 wakati zimebaki blaindi 12 anacheza sawasawa kabisa. Akifanya hivyo akiwa na 100 ni habari nyingine. Dondoo isiyosema wingi wa chipu ndiyo inayowaponza watu hasa kwenye mashindano.

Hatua ya tano: chagua wakati

Wakati wa mchezo, andika maneno manne au matano tu, au weka alama ya kurudia mgao huo baadaye. Programu za poka huhifadhi historia ya migao, na baadhi hukuonyesha humo hata karata ambazo mpinzani aliyeshindwa alizificha mgao ulipofika mwisho. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana na saa. Ukijikuta umepitwa na zamu yako kwa sababu ulikuwa unaandika, punguza meza.

Kazi nzuri hufanyika kikao kikiisha. Chukua migao ile ambayo karata zilifunuliwa, hata ile ambayo wewe hukuwamo baada ya kutupa karata zako, kwa kuwa hapo unatazama bila moyo kudunda. Waandike watu wawili watatu. Wanaotosha kuandikwa kwa kikao ni hao, na ukijilazimisha kumwandika kila mtu utaanza kubuni tabia zisizokuwepo.

Hatua ya sita: pima uzito wa ulichokiona

Kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao. Karata unazoziona si sampuli ya haki. Mpinzani akiweka dau kubwa na wote wakatupa, karata zake huzioni. Unaona pale tu alipofuatwa. Mtu anaweza kutishia nyau mara kumi, akafaulu tisa, ukamnasa ile ya kumi. Au asitishie kabisa mwezi mzima, na siku uliyomwona ndiyo ya kwanza. Ushahidi wa macho yako ni ule ule katika hali zote mbili.

Kwa sababu hiyo weka idadi: "x1", "x3". Na uishike kanuni hii: dondoo ya mara moja iamue pale tu ambapo ulikuwa huna uhakika, mizani ikiwa sawa. Dondoo ya mara tatu au nne katika mazingira yanayofanana inaweza kukutoa kwenye uamuzi ambao ungeufanya kwa mgeni.

Andika pia kinachopinga. Ukishaandika kwamba fulani hatupi karata, macho yako yataanza kuona anapofuata tu. Akitupa dhidi ya dau kubwa, ongeza mstari.

Wenye programu za takwimu kama PokerTracker 4, Holdem Manager 3 au Hand2Note huuliza kwa nini wahangaike na maandishi wakati namba zipo. Namba zinakwambia ni mara ngapi. Hazikwambii kwa karata gani. Wachezaji wawili wanaweza kuwa na asilimia ile ile ya kuongeza dau kwenye karata ya tano, mmoja kwa karata nzito tupu, mwingine nusu yake ni vitisho. Tena, namba za karata ya tano huchelewa sana kukomaa kwa sababu migao inayofika huko ni michache, na hapo ndipo mistari miwili ya maandishi inapoipita takwimu ya migao mia tatu.

Hatua ya saba: igeuze kuwa uamuzi

Poti ina 30 kwenye karata ya tano. Mpinzani anaweka 30. Wewe una jozi ya juu, na unatakiwa kulipa 30 ili kushinda 60 zilizopo. Unahitaji kushinda mara moja kati ya tatu ili usipoteze. Mchezaji anayejua hesabu zake atakuwa anatishia karibu mara moja kati ya tatu kwa dau la ukubwa huo, na dhidi yake kufuata au kutupa vyote ni sawa kwako. Sasa unasoma dondoo: "d1 kwenye ya 5, x3, zote jozi mbili au zaidi." Mizani imevunjika, tupa. Mwenye dondoo ya "madau matatu mfululizo bila kitu, x3" unamfuata bila kusitasita.

Geuza upande. Una karata zilizokosa, poti ni 30, unafikiria kuweka 15. Tishio hilo linahitaji lifaulu mara moja kati ya tatu. Dhidi ya mgeni huenda likafaulu. Dhidi ya yule wa 8-7 aliyefuata poti nzima, umechoma 15.

Fungua dondoo mwanzoni mwa kikao, unapoketi tu, usingoje hadi fedha ziwe katikati. Ukiisoma wakati umekwisha kutamani kufuata, utaisoma kwa namna ya kukuruhusu kufuata.

Hatua ya nane: fyeka

Wachezaji hujifunza. Yule aliyekuwa anafuata kila kitu mwaka juzi huenda leo ana kocha. Dondoo iliyopita mwaka mmoja ishushe hadhi iwe tetesi, na rangi yake iondoe mpaka uithibitishe upya. Ukipanda kiwango cha dau, kumbuka kwamba mtu huyo huyo anaweza kucheza kwa woga juu na kwa uzembe chini, kwa hiyo taja kiwango ulichomwonea. Na nakili faili la dondoo mahali pengine kabla hujabadilisha kompyuta, kwa sababu baadhi ya programu huliweka kwenye kompyuta yenyewe.

Mipaka ya sheria za tovuti

Dondoo ulizoandika kwa macho yako, kuhusu migao uliyokuwapo, kwa kawaida hazina tatizo pale tovuti inapokupa kisanduku cha kuziandika. Matatizo huanza unapochukua za wengine. PokerStars inakataza kununua historia za migao ambayo hukucheza na kubadilishana hifadhi za habari za wapinzani. GGPoker hairuhusu programu za takwimu za nje na badala yake hutoa takwimu zake ndani ya programu. Soma masharti ya tovuti yako kabla ya kusakinisha chochote. Adhabu yaweza kufika kufungiwa akaunti na fedha zake.

Na usimwambie mtu ulichomwandikia. Kisanduku cha mazungumzo mezani kimewaponza wengi: mtu anamkejeli mwenzake "siku zote unafuata na takataka", na kuanzia hapo mwenzake anaanza kutupa. Ametoa somo la bure kwa mteja wake bora.

Wao nao wanakuandika. Mgao ukimalizika bila kufuatwa, usibonyeze kitufe cha kuonyesha karata zako, hata kama tishio lilikuwa tamu kiasi gani. Na kila mara unapolazimika kufunua kitu kisicho cha kawaida, andika kwenye dondoo ya mpinzani uliyekuwa naye: "ameniona nikitishia na Q-J." Mgao wa pili wa namna hiyo kati yenu, atakufuata kwa karata nyepesi zaidi, na wewe utakuwa na jozi mbili.